Reivu ni Nini Hasa, na Kwa Nini Kuna Wanaoililia ya Zamani?

Ukikaa na vijana wa Nairobi siku hizi, neno reivu halikosi kutajwa. Dijei akipiga amapiano juu ya paa la jengo Westlands, hiyo ni reivu. Watu kumi na watano wakijibana sebuleni na spika moja, nayo ni reivu. Hata sherehe ya kuhitimu chuo, yenye keki na hotuba za wajomba, wazee wakishaaga inageuka kuwa reivu. Wakati huohuo, kule Uingereza na Ujerumani wapo watu waliovuka miaka hamsini wanaosema reivu ilishakufa siku nyingi, na kwamba kinachoitwa hivyo leo ni biashara ya tiketi na picha. Wengine wanataja hadi mwaka wa msiba: 1992, au 1994.

Nimeona watu wakibishana juu ya jambo hili mpaka wakanuniana, na kila mmoja ana hoja. Tatizo ni kwamba ndani ya neno hilo moja kuna vitu vitatu vilivyosokotwa pamoja kama ukili: mkusanyiko, muziki, na umri wa mtu anayekumbuka. Kila kimoja kimebadilika kwa namna yake, kwa hiyo tuvifumue kimoja kimoja.

Tuanze na mkusanyiko, maana hapo ndipo maana ya kwanza ya neno ilipo. Reivu ni kucheza usiku kucha, watu wengi, kwa muziki wa mashine unaounganishwa na dijei bila kukatika, mara nyingi mahali ambapo hapakujengwa kwa ajili ya dansi. Ghala tupu, shamba, kiwanda kilichofungwa, uwanja wa ndege usio na ndege. Si jina la aina ya muziki. Kwa Mtanzania, mfano wa karibu ni disko vumbi. Ukisema disko vumbi hujaniambia kama zilipigwa nyimbo za Kongo, bongo fleva au za Marekani. Umeniambia ni uwanjani, chini ni udongo, jenereta linanguruma nyuma ya mabanda, na atakayekuja ni yeyote. Pwani ya Kenya wana disko matanga, nalo vilevile ni jina la tukio wala si la midundo. Reivu ni neno la namna hiyohiyo.

Sasa muziki. Hapa kuna kosa ambalo nalisikia mara nyingi, kwamba huu ni muziki wa Wazungu tuliouiga. Ulizaliwa Marekani, mikononi mwa vijana weusi. Chicago mwaka 1977 ilifunguliwa klabu iitwayo The Warehouse, na dijei wake mkuu alikuwa Frankie Knuckles, kijana mweusi kutoka New York. Waliokuwa wakienda pale wengi walikuwa weusi na Walatino, wengi wao wapenzi wa jinsia moja ambao milango mingine ya mji haikuwakaribisha. Jina la klabu hiyo likafupishwa, na muziki uliotoka huko ukaitwa hausi. Karibu na Detroit, katika mji mdogo wa Belleville, vijana watatu weusi waliosoma pamoja, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walitengeneza muziki mkavu zaidi, wenye harufu ya viwanda, na mwaka 1988 ulipotolewa Uingereza katika santuri ya mkusanyiko ukajulikana kwa jina la tekno.

Hausi inasikikaje? Tazama mshale wa sekunde kwenye saa ya ukutani. Kila sekunde gonga goti kwa kiganja mara mbili, sawasawa, bila kuongeza wala kupunguza. Hiyo ni midundo 120 kwa dakika, mwendo wa hausi ya mwanzo. Dundo zito linapiga kila unapogusa goti, makofi yanaingia kila dundo la pili, na matoazi yanajaza katikati. Juu yake kuna besi na pengine kinanda au sauti ya mwimbaji. Basi. Anayesikiliza mara ya kwanza hulalamika kwamba hakibadiliki kitu. Kinabadilika, ila polepole: matoazi yanaingia, besi inatoka, inarudi imenona. Aliyewahi kukaa ngomani usiku mzima anaujua mchezo huu. Mpiga ngoma harukiruki kutafuta jipya. Anakaa palepale mpaka mwili wa mchezaji usahau kuhesabu.

Kuna kifaa kimoja nataka tukitazame kwa karibu, kwa sababu kinaeleza mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Roland ya Japani ilitoa kisanduku cha plastiki cha rangi ya fedha kilichoitwa TB-303. Kina vitufe vidogo vilivyopangwa kama vya piano na safu ya vinobu juu yake. Kilikusudiwa kumpigia besi mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake. Hakikufaa. Sauti yake haikufanana na gitaa la besi hata kidogo, na kukipangia noti kulimchosha mtu. Kufikia 1984 kiliachwa kutengenezwa, na vilivyobaki vikauzwa kwa bei ya kutupa. Ndipo vijana wa Chicago waliojiita Phuture, akiwemo DJ Pierre, walipopata kimoja kilichotumika. Hawakujua, au hawakujali, kilivyotakiwa kutumika. Wakakiacha kirudie noti zilezile huku wakizungusha vinobu muziki ukiendelea, na kikaanza kutoa sauti ya ajabu, kama maji yanayochemka chini ya mfuniko, yanayopanda hadi yanakaribia kupiga kelele kisha yanashuka. Rekodi yao ilitoka 1987, na mtindo ukaitwa asidi hausi.

Msomaji wa Dar es Salaam atalitambua jambo hili. Mchiriku, muziki wa mitaani wa Dar, ulijengwa kwa vinanda vidogo vya Casio, vile vya kujifunzia nyumbani, vikapitishwa kwenye vikuza sauti vilivyochoka mpaka vikakwaruza, na kule kukwaruza ndiko kukawa utamu. Vyombo duni mikononi mwa watu wasio na fedha lakini wenye masikio makali. Kwa hiyo anayesema muziki huu ni kubonyeza tu na mashine inajipiga yenyewe, naomba akifikirie kile kisanduku. Mashine ilikuwepo miaka kadhaa madukani bila kujipiga, na iliwasubiri wenye masikio hayo.

Muziki ulivukaje bahari? Kiangazi cha 1987, madijei wachache wa London, miongoni mwao Paul Oakenfold na Danny Rampling, walikwenda likizo kisiwa cha Ibiza, Hispania. Huko walimsikia dijei aitwaye Alfredo akichanganya rekodi za Chicago na nyimbo za kila namna, watu wakicheza chini ya mbingu hadi jua likachomoza. Waliporudi, Rampling na mkewe wakafungua usiku wa dansi ulioitwa Shoom, katika ukumbi wa mazoezi ya viungo kusini mwa London, mwishoni mwa 1987. Manchester nako, klabu ya Haçienda iliyokuwepo tangu 1982 ikaanza kujaa hadi pomoni. Kufikia kiangazi cha 1988 moto ulikuwa umeshashika nchi nzima.

Lakini kulikuwa na kikwazo cha saa. Klabu za Uingereza zilitakiwa kufunga saa nane au saa tisa usiku, wakati miguu ndiyo kwanza imepata moto. Hapo ndipo mkusanyiko na muziki vilipofungana fundo. Watu wakatafuta ghala na mashamba, na barabara ya M25 inayoizunguka London, iliyokamilika 1986, ikawa ndiyo njia.

Jaribu kuuona usiku mmoja wa Jumamosi wa 1989. Mkononi una kipeperushi chenye rangi kali, kina jina la shughuli na namba ya simu. Anwani hakuna. Saa nne usiku unaingia kwenye kibanda cha simu, unaingiza sarafu, na sauti iliyorekodiwa inakuelekeza kwenye kituo fulani cha mafuta kando ya barabara. Ukifika unakuta magari mengi yameegeshwa, madirisha wazi, kila moja linapiga muziki wake, hakuna anayejua pa kwenda. Unapiga tena. Sasa kumetajwa kijiji. Msafara unaanza kusogea, unaifuata taa nyekundu ya gari la mbele ambalo nalo linaifuata nyingine, mpaka mtu mmoja anaona mwanga wa leza nyuma ya miti na honi zinaanza kulia. Siri ile haikuwa mapambo. Mahali palifichwa hadi dakika ya mwisho ili polisi wakifika wakute tayari maelfu ya watu, na kuwatawanya kuwe hatari kuliko kuwaacha wacheze. Shughuli moja ya waandaaji walioitwa Sunrise, Juni 1989, ilifanyika katika uwanja mdogo wa ndege wa White Waltham na kukusanya watu wapatao 11,000.

Ninapowasikia wazee wa reivu wakisema hakuna tena kitu kama kile, nadhani hiki ndicho wanachokisema hasa. Kutojua unakwenda wapi. Kufika. Muziki wa siku zile haujapotea hata kidogo, upo wote kwenye simu yako usiku huu. Kilichopotea ni msafara.

Nani aliuua? Kwanza, sheria. Mwaka 1990 Bunge la Uingereza lilipandisha faini ya kuandaa sherehe bila kibali hadi pauni 20,000, pamoja na kifungo cha hadi miezi sita. Mei 1992, zaidi ya watu 20,000 walikusanyika kwa takriban wiki nzima kwenye uwanda wa Castlemorton, shughuli isiyo na kiingilio, na wakazi wa vijiji vya jirani wakawa hawalali. Kundi la Spiral Tribe, lililokuwa miongoni mwa waliopeleka spika zao pale, lilishitakiwa na baadaye likaachiwa huru, lakini serikali haikusahau. Sheria ya 1994 iliwapa polisi uwezo wa kuvunja mkusanyiko wa wazi wa usiku wa watu 100 au zaidi, na ikataja wazi kwamba muziki unaohusika ni pamoja na ule ambao kwa sehemu kubwa ni mfululizo wa midundo inayojirudiarudia. Soma tena hapo. Wanasheria walikaa mezani wakaandika maelezo ya ngoma. Kundi la muziki la Autechre lilijibu kwa kutoa wimbo uliopangwa makusudi ili mdundo wake usijirudie, pamoja na ushauri kwamba anayeupiga awe na wakili na mtaalamu wa muziki tayari, polisi wakija. Mwaka 2003 idadi ile ilishushwa kutoka watu 100 hadi 20.

Kwetu hili si geni. Disko matanga limepigwa marufuku mara nyingi pwani ya Kenya, na vigodoro vya Dar, zile ngoma za mtaani za usiku kucha, vimefukuzwa mtaa hadi mtaa. Septemba 2022, bungeni Uganda ilitangazwa kwamba tamasha la Nyege Nyege lisimamishwe, kabla serikali haijaliruhusu kwa masharti. Sehemu ya kelele zile, kwa Waswahili, ilitokana na jina. Kwetu neno hilo lina maana inayomfanya mtu ainamishe uso mbele ya wakwe. Katika Kiganda ni ile hamu inayomvamia mtu ghafla ya kuinuka na kucheza.

Pili, fedha. Sheria zilipobana mashamba, dansi ilirudi ndani kwenye klabu kubwa zenye vibali na kwenye matamasha yenye uzio. Dijei, ambaye mwanzoni alikuwa pembeni na wengi hawamjui sura, akapandishwa jukwaani. Hili linaonekana dogo ila ukumbi mzima uligeuka. Zamani watu walitazamana, au walizitazama spika, na leo wote wanaelekea upande mmoja kama wako kwenye mkutano wa hadhara. Tamasha la Tomorrowland la Ubelgiji, lililoanza 2005, huuza tiketi kwa mamia ya maelfu. Berlin ilipita njia yake yenyewe. Maandamano ya dansi ya Love Parade yalianza Julai 1989 na watu 150 hivi nyuma ya gari lenye spika, miezi michache kabla ya Ukuta kuanguka, na kufikia 1999 waandaaji walihesabu milioni moja na nusu. Mwaka 2010, yakiwa yamehamia Duisburg, watu 21 walikufa katika msongamano kwenye njia ya kuingilia, na hayakufanyika tena chini ya waandaaji wale. Hata hivyo tekno ya Berlin haikufa. Mwaka 2024 iliingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa Ujerumani, na bado zipo klabu huko zinazobandika kistika juu ya kamera ya simu yako mlangoni.

Kistika hicho kinatuleta kwenye mabadiliko ambayo mimi nayaona makubwa kuliko sheria na fedha. Mtu anayejua anarekodiwa hachezi sawa na asiyerekodiwa. Muulize mama yeyote aliyecheza kwenye kitchen party, kisha akajikuta kesho yake kwenye simu za watu asiowajua. Ule uhuru wa kuwa mbaya katika kucheza, kufumba macho, kutokwa jasho bila kujali, unahitaji giza na unahitaji kusahauliwa. Reivu za 1989 zilikuwa na vyote viwili.

Nisipotaja dawa za kulevya nitakuwa nimekuficha kitu. Ndiyo, kidonge cha ekstasi kilitembea sana kwenye reivu za mwanzo, na wapo vijana waliokufa, wengine kwa mwili kupata joto kupita kiasi. Haçienda ilijaa kila wiki ikawa bado inapata hasara, kwa kuwa wengi hawakununua pombe ila maji. Baadaye magenge yalifuata biashara ile, na vurugu na madeni vilichangia klabu kufungwa mwaka 1997. Lakini kusema reivu ni dawa tu ni sawa na kusema harusi ni pilau. Maelfu walicheza bila kumeza chochote, na muziki uliotengenezwa bado unawainua watu wasiojua hata kidonge hicho kinafananaje. Ni kosa pia kuugeuza ule wakati kuwa paradiso. Zile shughuli kubwa za M25 ziliuzwa tiketi na waandaaji walitengeneza fedha nzuri. Wapo waliofika wakakuta shamba tupu.

Mbona basi hawa tuliowataja mwanzo wanakumbuka paradiso? Hapa ndipo uzi wa tatu, umri. Watafiti wa kumbukumbu wameona mara kwa mara kwamba watu wazima wakiulizwa maisha yao, matukio yanayokuja kwa wingi ni ya kati ya miaka 10 na 30. Ndiyo miaka ya mambo ya mara ya kwanza. Tena kumbukumbu ina ungo wake. Mwaka 1991 zilitoka rekodi nyingi mbovu, na hakuna anayezipiga leo, kwa hiyo tunazosikia ni punje zilizobaki baada ya makapi kupepetwa. Muziki wa mwaka huu bado haujapepetwa, unakujia na makapi yake yote.

Mimi nilikulia Tanga, na reivu yangu ilikuwa disko toto la Idd pili. Ukumbi ulikuwa na madirisha yaliyozibwa kwa mablanketi ili mchana uwe usiku, na joto lake lilichanganya harufu ya bisi, udi wa nguo mpya na jasho la watoto mia mbili. Mlangoni kaka mmoja aligonga muhuri wa wino wa zambarau juu ya kiganja. Nyimbo nimezisahau karibu zote. Muhuri ule naukumbuka hadi ulivyopinda, na jinsi nilivyokataa kuosha mkono siku tatu, mama akinigombeza. Nikisema leo kwamba muziki wa zamani ulikuwa mtamu, je, nasema muziki au nasema muhuri? Naamini mtu wa Manchester mwenye kipeperushi chake cha 1989 ndani ya droo yuko palepale nilipo.

Na wanaosema kila kitu kilikwisha, ningewaleta Dar. Katika studio ndogo kama ya Sisso, Mburahati, vijana walichukua vipande vya mchiriku na taarabu, wakavikimbiza kwenye kompyuta za zamani hadi midundo 200, wakati mwingine karibu 300 kwa dakika, na singeli ikawa singeli. Rudi kwenye ile saa ya ukutani na ujaribu kugonga goti zaidi ya mara tatu, hata karibu mara tano, kila sekunde. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa studio hiyo mwaka 2017, na tangu hapo singeli inapigwa kwenye kumbi za Ulaya zilezile ambazo watu wake walidhani hawatasikia tena kitu cha kuwashtua.

Kama umefika hapa na unataka kusikia mwenyewe, anza na rekodi za Chicago za 1986 na 1987, uende Detroit, kisha Uingereza ya 1991, ambako vijana walichukua sekunde chache za ngoma kutoka rekodi ya 1969 ya bendi ya The Winstons, wakaziharakisha na kuzikatakata hadi ukazaliwa mtindo ulioitwa jungle, yaani msitu. Kipande hicho kimetumika katika maelfu ya nyimbo, na mpigaji wake, Gregory Coleman, alikufa bila kulipwa kwa hilo. Ila usisikilize kwa spika ya simu. Spika ndogo kama ile haina uwezo wa kutoa sauti za chini kabisa, na muziki huu ulitengenezwa kuanzia huko chini. Utasikia matoazi na makofi, utadhani umeusikia. Azima spika ya jirani, ile ya shughuli, iweke sakafuni, na uvue viatu.